Borrow na lend

Ndugu umeuliza mbona ukisema "borrow me your pen" watu wanakurekebisha, shida ni kwamba sisi kwa Kiswahili azima ni hiyo hiyo moja, naazima kalamu kwako na wewe unaniazima, ila Kiingereza wamegawa, anayetoa ndo lend, anayechukua ndo borrow. Kwahiyo sema "lend me your pen" au "can I borrow your pen", basi. Kwenye hela ndo rahisi kushika, kopa ni borrow, kopesha ni lend. Na usikariri neno peke yake jamani, andika sentensi nzima kwenye daftari, mi nilikariri maana tupu nikawa nayachanganya kwa miaka mingi. Afu ukiongelea jana, yaani wakati uliopita, lend inakuwa lent, sio lended.