Gitaa moja, amplifaya mbili: mvumo, besi inayopotea na ile pini ya ethi

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Morogoro. Nilikuwa na amplifaya moja ya transista, mwezi uliopita nikapata ya pili, ya valvu. Nimeziunga kwa waya wa Y, unaogawa njia moja kuwa mbili, kutoka kwenye pedali ya mwisho. Siku ya kwanza zikaanza kunguruma zote mbili, mvumo mzito usiokwisha. Mwenzangu wa besi akang'oa pini ya ethi kwenye plagi ya ile ya valvu, mvumo ukakatika. Ila gitaa limekonda: kila amplifaya ikiwa peke yake mlio umeshiba, zikiwaka pamoja besi haipo. Halafu tangu tuhamie ukumbi mwingine wiki iliyopita, nikiimba kiitikio mdomo ukagusa maiki, nasikia kama nachomwa sindano. Je, amplifaya mbili zinafaa kweli, au nirudi kwenye moja?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Zinafaa, tena sana, na ukizipanga vizuri hutatamani kurudi kwenye moja. Lakini tuanze na ile plagi. Ibadilishe leo, kabla ya mazoezi ya jioni. Plagi mpya ya pini tatu haifiki bei ya seti ya nyuzi.

Nyuzi za gitaa lako zimeungana na kasha la chuma la amplifaya kupitia ule waya uliosukwa unaozunguka kebo kwa ndani. Kasha likiwa na ethi, yaani ule waya wa tatu unaopeleka umeme ardhini, nyuzi nazo zina ethi. Maiki nayo inapata ethi yake kwenye miksa, kwa hiyo kati ya mkono wako na mdomo wako hakuna umeme wa kukuchoma. Sasa angalia: kama ungekuwa umepoteza ethi ya ile ya valvu tu, ile ya transista ingeishikilia kupitia kebo hiyohiyo na wala usingehisi kitu. Kuchomwa kwako kunaniambia kwamba huko mlikohamia hata ile ya transista haina ethi. Ama soketi ya ukumbi ina matundu matatu lakini nyuma yake hakuna waya wa tatu, ama ekstensheni yenu ina nyaya mbili tu ndani. Njia ya umeme kwenda ardhini umebaki nayo wewe.

Mwaka jana kwenye harusi ya uwanjani hapa Dar es Salaam mpiga rithimu aliniita akanieleza maneno hayohayo yako, ya sindano mdomoni. Nilichukua mita, nikaiweka kwenye volti za AC, ncha moja nikaigusisha kwenye wavu wa maiki, ya pili kwenye uzi wa sita wa gitaa. Ikasoma 108. Kijana alikuwa ameshaimba nyimbo tatu hivyo, jasho linamtoka, viatu vimelowa umande wa majani. Tukafuata nyaya hadi nyuma ya turubai, tukakuta ekstensheni ya nyaya mbili iliyofungwa plagi ya pini tatu. Tulipoleta nyingine, mita ikashuka chini ya volti 1.

Zile volti 108 zilikuwa umeme unaovuja kupitia kapasita za kuchujia zilizo ndani ya mashine. Ni mkondo mdogo, unachoma tu. Lakini siku insulesheni ya transfoma ikikatika ndani, njia ni ileile, na safari hiyo zinakuja volti 230 kamili. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 kwa namna hiyo: gitaa mkononi, akagusa maiki, ila kwake iliyokosa ethi ilikuwa maiki. Na hata kama ile nyingine ina ethi nzuri, usijidanganye kwamba inatosha kwa zote mbili. Hitilafu ikitokea kwenye ile ya valvu, umeme wote utataka kupita kwenye kebo ya gitaa, ambayo haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Ukiichomoa kebo tu, kasha linabaki na umeme linakusubiri.

Basi rudisha pini. Mvumo utarudi, na hapo ndipo tutautibu mahali pake.

Mvumo wenyewe unatoka wapi? Amplifaya zako zimeungana mara mbili: mara ya kwanza ukutani, kwa nyaya za ethi, mara ya pili kwenye waya wa Y, kwa ule waya uliosukwa. Hapo umetengeneza duara. Duara hilo linanasa umeme kutoka kwenye transfoma na nyaya zote zilizo karibu, na umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, ndiyo maana unachosikia ni sauti nzito ya chini. Mwenzako alikata duara upande wa ukutani. Linatakiwa likatwe upande wa gitaa.

Kabla ya kununua chochote, chomeka amplifaya zote mbili kwenye ekstensheni moja, soketi moja. Duara linakuwa dogo na mara nyingine mvumo unapungua hadi muziki unaufunika. Usiogope mzigo: hata amplifaya mbili za valvu za wati 100 kila moja zinakula takriban wati 600 kwa pamoja, kama ampea 2.6, na plagi yetu ya mraba inabeba 13.

Mvumo ukibaki, unahitaji kisanduku cha kugawa sauti chenye transfoma ndani. Kinauzwa tayari, na fundi yeyote wa redio anayejua kuunga nyaya kwa risasi atakutengenezea. Kwenye kisanduku hicho tundu la kwanza la kutolea linapita moja kwa moja. Tundu la pili linapita kwenye transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa 1:1, kilo-omu 10 kwa kilo-omu 10. Sauti inavuka kwa sumaku, waya hauvuki, duara limekatika, na kila amplifaya imebaki na ethi yake ukutani. Mwambie fundi wako jambo moja ambalo wengi wanalisahau: tundu hilo la pili liwe la plastiki, lisigusane na bati la kisanduku. Likigusa, ethi mbili zinakutana tena kwenye bati na pesa yako imepotea. Amplifaya ya tundu la kwanza ndiyo inayolinda nyuzi zako, kwa hiyo weka hapo ile yenye plagi na waya wa kuaminika zaidi.

Kisanduku kikae baada ya pedali yenye bafa, yaani kisakiti kidogo kinachoipa sauti nguvu ya kusukuma mbele. Pikapu ya gitaa, ile sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi, ni dhaifu, ukiiunga moja kwa moja kwenye transfoma ya namna hiyo sauti inafifia na utamu wa juu unaondoka. Hata waya wa Y bila pedali unakula kidogo, maana pikapu inalazimika kulisha milango miwili na kebo mbili.

Sasa huko kukonda. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na kuuza amplifaya ya pili, na inaniuma kwa sababu dawa yake ni swichi moja. Kila hatua ya valvu (ile taa ya kioo inayokuza sauti) kwenye njia ya sauti kwa kawaida inaligeuza wimbi: lililokuwa juu linakuwa chini. Amplifaya yenye hatua tatu inatoa wimbi lililogeuzwa, yenye nne inalirudisha. Watengenezaji hawakukubaliana, na wakati mwingine hata chaneli mbili za amplifaya moja zinapingana, kama zile za Fender Deluxe Reverb za miaka ya 1960, ambazo chaneli ya kawaida na ile ya vibrato zinakwenda kinyume. Kwako, spika ya transista inaposukuma hewa, ya valvu inavuta.

Kwa nini basi besi ndiyo inayokufa na sauti kali inabaki? Wimbi la uzi wa sita mtupu (ule mnene kuliko yote, bila kuukandamiza) lina urefu wa mita 4 na kitu. Kwa wimbi refu hivyo, amplifaya mbili zilizosimama bega kwa bega ni kama ziko sehemu moja, na moja inafuta ya mwenzake. Sauti za juu zina mawimbi ya sentimita kumi hivi, zinakutana ovyo, huku zinafutana, kule zinaongezana, kwa hiyo unabaki kuzisikia. Gitaa linakuwa ngozi na mifupa.

Ndiyo maana kwenye kile kisanduku, baada ya transfoma, tunaweka swichi ya kubadilishana zile nyaya mbili zinazotoka. Wimbi linageuka. Zipange amplifaya pamoja, ziwashe zote kwa sauti inayolingana, piga uzi wa sita mtupu, mwenzako abonyeze swichi huku na huku. Upande wenye kifua kizito ndio sahihi, na huhitaji mita kuutambua. Kama leo huna kisanduku, zima amplifaya, fungua nyuma ya moja, na ubadilishane nyaya mbili kwenye spika yenyewe. Inafanya kazi ileile.

Bado kuna jambo la muda. Sauti inatembea sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja. Amplifaya moja ikichelewa milisekunde moja nyuma ya nyingine, sauti za karibu na mizunguko 500 zinafutana, halafu 1,500, na kuendelea juu. Mlio unakuwa kama umeimbwa ndani ya bomba. Kwa hiyo nyuso za spika ziwe kwenye mstari mmoja. Na kama una pedali ya kidijitali, iweke kabla ya kisanduku ili ucheleweshaji wake uende kwa zote mbili sawasawa, isikae kwenye njia ya amplifaya moja tu.

Kuhusu matumizi, usitafute ukubwa wa sauti. Amplifaya mbili zinazolingana zikienda pamoja zinakuongezea desibeli 3 hadi 6, na sikio linahitaji kama 10 ili liseme sauti imekuwa maradufu. Ukubwa ni kazi ya spika za ukumbi. Unachokipata wewe ni rangi mbili kwa wakati mmoja. Roland walilitumia wazo hili kwenye JC-120 ya mwaka 1975, ambayo ndani yake ni amplifaya mbili za wati 60 na spika mbili: ukiwasha korasi, yaani kiyumbisha sauti chake, spika moja inatoa sauti kavu, ya pili inatoa sauti inayoyumba kidogo, zinachanganyika hewani. Wewe fanya hivyo: ya transista iwe safi na kali, ndiyo ya kuchonga noti, ya valvu iwe na katikati nene, ianze kukwaruza kidogo ukikaza mkono.

Mimi ningeziweka zote upande wako wa jukwaa, bega kwa bega. Najua utatamani kuzitawanya pande mbili, ila gitaa la pili la solo na rithimu nao wanahitaji nafasi, na wachezaji waliosimama katikati watasikia lile bomba nililolitaja. Waimbaji wakiwa wanasimulia, tumia ya transista pekee. Chemko, ile sehemu ya wimbo yenye kasi ya kucheza, kikianza, kanyaga pedali ya kuchagua njia uingize ya valvu. Utasikia ukumbi unavyogeuka. Kwa miksa, maiki mbili za aina moja, umbali mmoja kutoka kwenye spika. Miksa ikiwa na maiki moja tu ya kukupa, ichukue ile ya valvu.

Matundu ya kutolea spika usiyachanganye kamwe: amplifaya mbili zisiende kwenye kasha moja la spika, wala ya moja isiingizwe kwenye tundu la gitaa la nyingine. Na ya valvu usiiwashe bila spika kuunganishwa, utaunguza transfoma yake ya kutolea.

Niandikie pia kama ile ya valvu ilitoka Japani au Marekani. Mashine za huko hutumia volti 100 au 120, na vijitransfoma vingi vya kushusha umeme vinavyouzwa madukani vina matundu mawili tu upande wa kutolea, kwa hiyo ethi inaishia hapohapo hata plagi yako ikiwa nzima. Kama ndivyo, usiipeleke ukumbini hadi upate kijitransfoma chenye tundu la tatu, na kabla ya wimbo wa kwanza pima kati ya wavu wa maiki na uzi wa sita.