Kabla Hujaulaumu Ubao Mama

Juzi usiku, nikiwa nimeshazima taa, niliingiwa na ujumbe wa msomaji aliyeunda kompyuta yake ya kwanza ikagoma kuwaka. "Mkuu, nimefanya yote. RAM nimetoa nikarudisha, prosesa nimetoa nikarudisha, pesti nimepaka mara tatu. Nahisi ubao mama umekufa. Naomba msaada, nimechoka." Akaambatanisha picha kumi na moja. Kwenye ya nne, inayoonyesha mgongo wa kesi, swichi ndogo ya pawasaplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, ilikuwa imelalia upande wenye sifuri, yaani imezimwa.

Nilicheka. Kicheko hakikufika mbali, maana nilianza kukumbuka ya kwangu. Nikamjibu kwa neno moja, "Swichi," halafu usingizi ukagoma kurudi. Nikaona bora niandike, kwa faida yake na yenu nyote mnaonisoma, ambao najua fika mna kesi iliyo wazi mezani, kisahani cha skrubu kando yake, na mtu nyumbani anayeuliza hiyo kitu itafungwa lini.

Nianze kwa kukiri. Nyumbani kwetu mimi ndiye fundi. Hakuna aliyenipa cheti. Nilijipa mwenyewe siku kompyuta ya kwanza niliyoiunda ilipowaka, na ndugu wakalizoea jina. Simu ikigoma, fundi. Printa ikitafuna karatasi, fundi. Nalipenda jina hilo kuliko ninavyokubali mbele za watu, na karibu hasara zote nitakazosimulia hapa zimetokana na kulipenda.

Hiyo ya kwanza yenyewe iliwaka vizuri, lakini nikifungua mchezo wowote, baada ya dakika mbili inaanza kuburuta miguu. Nikatazama joto la prosesa: nyuzi 100. Prosesa nyingi za Intel zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue, kwa hiyo mashine haizimi, inazeeka tu mbele ya macho yako. Niliishuku feni. Nikaishuku pesti, ule ute unaopakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto lipite. Nikalishuku jua. Mwisho nikanunua kipoza joto kikubwa zaidi, na siku ya kubadilisha ndipo nilipoikuta ile nailoni nyembamba bado imebandikwa kwenye kitako cha kipoza cha zamani. Ina onyo kabisa, kwamba iondolewe kabla ya matumizi. Pembe zake zilikuwa zimejikunja kwa joto, na juu yake pesti imetanda kwa mduara mzuri ambao hadi leo sijawahi kuupata tena.

Niliikunja nailoni nikaitia mfukoni. Sikumwambia mtu.

Ushauri wa kwanza, basi: soma kitabu cha maelekezo. Kile kijitabu chembamba unachokitoa kwenye boksi na kukiweka chini ya kikombe. Soma chote, hata kurasa zenye michoro tu. Hasa zenye michoro tu.

Ikafuata miaka kadhaa ya mafanikio ambayo haina cha kusimulia. Niliunda za rafiki, za ndugu, za rafiki wa ndugu, zote zikawaka.

Kisha ikaja siku ya kung'oa prosesa. Soketi ya AM4, yaani kikao cha prosesa kwenye ubao mama, iliyobeba prosesa za Ryzen za AMD tangu 2017, ina tabia yake. Pini 1,331 ziko tumboni mwa prosesa yenyewe, na kinachoishikilia ni kibano kinachozibana hizo pini kutoka pembeni ukilaza kimkono chake. Juu hakuna bati la kuikandamiza. Pesti ikikauka inageuka gundi. Nilishika kipoza, nikavuta juu kwa nguvu za mtu anayeitwa fundi, kikatoka na prosesa imeng'ang'ania chini yake kama kupe. Nikashtuka, mkono ukagonga ukingo wa kesi, na kona moja ya pini ikalala.

Pini tisa. Nilizihesabu kwa tochi ya simu, nikazihesabu tena nikitumaini zitapungua. Dawa niliyotumia ni kalamu ya risasi ya kubonyeza, ikiwa haina risasi ndani: ile ncha yake tupu unaivisha pini kama kofia, unainyanyua kidogo mno, unaacha, unashusha pumzi, unanyanyua tena. Ukiharakisha pini inakatika, na prosesa yako inageuka kishikio cha funguo. Ilinichukua jioni nzima na shingo nzima. Zote tisa zilisimama na mashine ikawaka. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu namna ile, na hakuna mtu ninayeweza kumwonyesha, kwa sababu kuonyesha pini zilizonyooka ni kukiri kwamba zilipinda.

Njia iliyo sahihi nilikuja kuijua baadaye. Iendeshe mashine kazi nzito kwa dakika kadhaa ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, kisha kizungushe kipoza taratibu kushoto na kulia mpaka usikie kimeachia, ndipo unyanyue. Kuanzia AM5, mwaka 2022, AMD nao walizihamishia pini kwenye soketi, kama Intel walivyofanya tangu 2004 na soketi yao ya LGA 775. Kwa hiyo siku hizi tunaharibu ubao badala ya prosesa. Tumeendelea.

Sasa nifike panapouma.

Pawasaplai yangu ilikuwa ya modula, yaani nyaya zake zinachomoka pande zote mbili. Feni yake ilianza kukoroma, nikanunua nyingine yenye nguvu zaidi. Tatizo likawa nyaya za zamani. Nilikuwa nimezipanga siku nzima nyuma ya ubao, nimezibana kwa vibano, hakuna hata mmoja uliokatiza juu ya mwenzake. Nani azitoe zile? Nikaona nichomoe tu pawasaplai ya zamani, nichomeke mpya kwenye nyaya zilezile. Plagi ziliingia zote. Zililia "tak", moja baada ya nyingine, na mimi nikauchukua ule mlio kuwa ruhusa.

Kwenye kijitabu ambacho sikukifungua kulikuwa na hili: upande wa kifaa ndio wenye kanuni. Plagi ya umeme ya SATA, ile inayoingia kwenye diski, ina pini 15 na mpangilio wake ni mmoja kila mahali. Upande wa pawasaplai hakuna kanuni yoyote. Kila mtengenezaji anapanga volti 12, volti 5 na ardhi anavyopenda, na hata mtengenezaji mmoja hubadilisha mpangilio kati ya toleo na toleo. Umbo la plagi linaweza kufanana kabisa huku ndani volti 12 zikienda mahali palipotegemea 5.

Siku hiyo shemeji alikuwepo. Aliniletea diski yake ya inchi 3.5, yenye picha za miaka kumi, nimhamishie kwenye mpya. Nikaifunga humo humo, kando ya SSD yangu, ile diski isiyo na kinachozunguka ndani, nikamvutia kiti akae aone kazi. Nikabonyeza.

Feni zilizunguka robo mzunguko zikasimama. Kikasikika kitu kama njiti ya kiberiti imevunjwa, halafu uzi mmoja wa moshi ukapanda kutoka upande wa diski, mwembamba, umenyooka, hauna haraka. Harufu yake mnaijua.

Shemeji akauliza kwa upole kabisa, "Shemeji, hiyo ni kawaida?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Ni vumbi tu linaungua."

SSD yangu ilikufa papo hapo. Diski ya shemeji ilikuwa na kisa kingine: ikichomekwa, mashine nzima inagoma kuwaka, ikitolewa, inawaka. Mimi nilishaanza kutunga hotuba ya pole, kumbe hiyo ilikuwa dalili njema. Nilimpelekea fundi wa kweli, mama mmoja mwenye darubini mezani na mikono isiyotetemeka. Akaigeuza diski, akagusa kidude cheusi kwenye bodi yake kwa ncha mbili za mita, mita ikalia. Akanieleza kwamba hiyo ni diodi ya kinga. Kazi yake ni kufa kabla ya wengine: volti zikizidi inageuka shoti, na pawasaplai ikiona shoti inajizima. Akaing'oa kwa joto. Kidude chenyewe kidogo kuliko punje ya mchele. Diski ikazunguka, ikasomeka, na picha zote zikahamishwa usiku uleule, kwa sharti kwamba baada ya hapo diski isitumike tena, kwa kuwa haina mlinzi.

Alipomaliza alinitazama juu ya miwani, akauliza nani aliyeunganisha nyaya hizi. Nikasema, "Shemeji yangu."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ndiyo maana kwenye kundi la familia naitwa Fundi Moshi. Tangu siku ile nimeunda mashine sita na hakuna hata moja iliyotoa moshi, lakini hilo halisemwi. Mtu akipika akaunguza, utaona jina langu limetajwa. Mtoto wa dada yangu, ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa, ananiita Mjomba Moshi na anadhani ndilo jina langu. Nimesamehe. Namba ya aliyeanzisha jina hilo ninayo, na kompyuta yake ikiharibika atanikumbuka.

Ushauri wa pili: nyaya za pawasaplai ziishi na kufa na pawasaplai yake. Ukiiuza, ziende nayo. Ukiitupa, zitupe nazo. Usizitunze kwenye lile boksi la nyaya ambalo wote tunalo, kwa sababu siku moja utalifungua ukiwa na haraka. Na soma kitabu.

Ndugu zangu, mazoea ndiyo yanayotumaliza. Prosesa ya kwanza uliishika kwa vidole viwili, pumzi umezibana. Ya tano unaishika huku simu umeibana kwa bega. Anayeanza anasoma kitabu kwa sababu anaogopa, na woga wake ndio unaomlinda. Sisi tuliokwisha kuwasha tatu nne tunaangalia video ya dakika nane kwa kasi maradufu, tunaruka sehemu ya tahadhari, kisha tunakuja kulalamika kwamba vifaa vya siku hizi havina ubora. Vifaa vina ubora. Mimi vifaa vyote nilivyoua vilikuwa vizima kabla sijavigusa.

Na msidhani nahubiri nikiwa nimeokoka. Mashine yangu ya kwanza yenye RAM ya aina ya DDR5 niliiwasha, skrini ikabaki nyeusi. Nikasubiri sekunde thelathini, nikachomoa. Nikawasha, nyeusi, nikachomoa. Mara nne. Nikabadilisha nafasi za RAM, nikatoa ile betri ya CR2032 ili ubao usahau kila kitu, nikairudisha, nyeusi. Nikaondoka kwa hasira nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi, ukurasa wa bayosi, ile programu ya ubao mama inayoamka kwanza, ulikuwa umetulia kwenye skrini unanisubiri. Kumbe ubao mama ukikutana na RAM hiyo kwa mara ya kwanza huifanyia majaribio ili ujue uiendesheje, na majaribio hayo yanaweza kula dakika kadhaa bila picha yoyote. Kila nilipochomoa nilikuwa nauanzisha upya. Ilikuwa imeandikwa. Kwenye kitabu.

Kwa hiyo mashine ikigoma, usianze na prosesa. Anza na vitu vya aibu. Swichi ya nyuma. Waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nane unaoingia juu kabisa kwenye kona ya ubao, ambao husahaulika kwa sababu mkono haufiki. RAM, sukuma mpaka ilie. Zikiwa mbili kwenye ubao wa nafasi nne, mara nyingi huwekwa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Vile viwaya vidogo vya kitufe cha mbele navyo hukosewa sana: vichomoe, gusanisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, na ikiwaka hapo ubao wako ni mzima. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikawaka, hutajua kilichokuponya.

Nilikuwa nataka niishie hapo, ila asubuhi msomaji wangu amerudi. "Mkuu, imewaka!! Feni zote zinazunguka, taa zinawaka, Mungu akubariki. Ila skrini inasema hakuna mawimbi. Nahisi kadi ya picha imekufa."

Safari hii picha ni mbili tu. Kadi ipo, mpya, imekaa vizuri kwenye nafasi yake, matundu yake bado yamevaa vifuniko vya plastiki. Waya wa skrini umechomekwa kwenye tundu la ubao mama, juu ya kadi.

Nimeandika "Waya." Nikafuta. Nikampigia.