Swichi ipi kwa kibodi ya kwanza?

Swali: Nanunua kibodi yangu ya kwanza ya mekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake chini. Huchapa usiku, mwenzangu amelala. Nichukue swichi nyekundu, kahawia au bluu?

Jibu: Bluu iache, ndugu yangu. Mimi nilianza nayo. Kila herufi ta! ta! nikaishia kufukuzwa chumbani. Nyekundu ya Cherry MX (swichi za kampuni ya Cherry) hushuka laini, yatosha nguvu ya gramu 45 hivi, ila sisi wenye vidole vizito huandika herufi tusizozikusudia. Kahawia ina kijinundu njiani, katika mwendo wake wa milimita 4, kidole kikajua herufi imeingia. Ningeanzia hapo. Usitarajie kimya kabisa: kitufe kikigonga chini kitasikika tu. Tafuta kibodi ambayo swichi zake huchomoka bila kulehemu, ukizichoka ubadilishe.