Muulize Shangazi: Mshahara wa mwalimu upimwe na wa nani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafundisha sekondari hapa Moshi, nina shahada. Shemeji yangu ni mwongoza watalii, kaishia kidato cha nne. Kila tukikutana ananiambia walimu tunalia bure, eti hata Marekani mwalimu humzidi mfanyakazi wa kawaida. Mbona mimi naona kinyume?
Mwalimu, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Shangazi yako nimekuwa karani wa mishahara mpaka nastaafu, hapa umenigusa.

Shemeji hajadanganya, ila kachagua wa kukulinganisha naye. Ukimweka mwalimu kapu moja na mlinzi, dereva na muuza duka, ataonekana ana nafuu. Lakini walimu wa Marekani ni akina nani? Karibu wote wana shahada, zaidi ya nusu wana uzamili. Wapime na wasomi wenzao: taasisi ya utafiti ya huko, Economic Policy Institute, ilikuta kwamba mwaka 2023 mwalimu wa shule ya umma alipata kwa wiki asilimia 26.6 pungufu kuliko wao. Mwaka 1996 pengo lilikuwa asilimia 6.1 tu.

Tena zaidi ya robo tatu yao ni wanawake. Zamani binti msomi alikuwa na milango miwili mitatu, ualimu na uuguzi, basi serikali zikampata kwa bei ya kutupa. Hata hivyo, mwaka 1960 mwalimu wa kike huko aliwazidi wanawake wasomi wa kazi nyingine. Sasa wao ndio wanamzidi. Benki na mahakama zilipomfungulia milango, shule hazikupandisha dau.

Turudi kwako. Fungua salari slipu yako: mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, na kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo 15. Robo ya mshahara imeyeyuka, na kodi ya TRA bado sijaitaja! Shemeji anakuonyesha tipu za Agosti, wewe unamwonyesha kilichobaki. Hesabu gani hiyo?

Ila usijidharau. Kwenye PSSSF mwajiri anakuongezea asilimia 15. Shemeji je? Aprili, masika yamekolea na mlimani hakuna wageni, nani anamlipa?

Akirudia, mwambie ajumlishe mapato ya mwaka mzima, agawe kwa 12. Wewe mtafute uliyehitimu naye chuo mwaka mmoja akaenda benki, huyo ndiye wa kupimana naye. Na siku ya hesabu, mbege alete shemeji.