Mtaro wa mvua kutiririka kiangazi

Ndugu, umeuliza kwa nini mtaro wa mtaani kwenu, huku bondeni Msimbazi, Dar es Salaam, unatiririka maji yanayonuka wakati mvua haijanyesha wiki tatu. Maji hayo yanatoka majumbani. Fundi ameelekeza bomba la bafu au la choo kwenye mtaro wa mvua badala ya shimo au mfumo wa majitaka, na mara nyingi mwenye nyumba hata hajui. Mtaro ule hauendi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Unamwaga mtoni moja kwa moja, na mto unapita kwenye bustani za mchicha kabla ya kufika baharini. Mchicha huo tunalisha watoto wetu, inaniuma sana.

Nenda uangalie saa kumi na mbili asubuhi, watu wakioga. Ukiona povu la kijivu, fuata kwenda juu hadi linapokatika. Bomba liko hapo. Mtaani kwetu tulilikuta nyuma ya migomba, limefunikwa kwa bati. Kuhakikisha, mwaga rangi kwenye choo cha nyumba hiyo kisha simama mtaroni usubiri itokee.

Peleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na afisa afya wa kata, kwa maandishi na picha. Ukianza DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, utaambiwa mitaro si yao, kwani wao wanashughulikia majisafi na majitaka. Na omba mwenyekiti na afisa afya wambane mwenye nyumba, wampe siku za kurekebisha. Mpangaji akipigwa faini, bomba linabaki palepale.