Chavua ya shayiri mwitu na ya shambani: mbona zinafanana?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma chuo hapa Mwanza. Mwalimu amenipa masuke makavu ya shayiri ya shambani na ya mwitu nilinganishe chavua. Kwa hadubini ya mwanga, ukuzaji mara 400, naona kitu kilekile. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Macho yako ni mazima. Shayiri mwitu ya Mashariki ya Kati na hii ya shambani ni spishi moja, Hordeum vulgare. Wakulima wa kale, miaka kama 10,000 iliyopita, walichagua suke lisilopukutika likiiva. Chavua hakuna aliyeishughulikia. Zote ni chembe za mviringo zenye tundu moja lililozungukwa na pete nene. Hata hadubini ya elektroni, inayoonyesha vijipele vya ukutani, haitakupa alama ya kuzitenga chembe mojamoja.

Kwa hiyo pima chembe nyingi, ulinganishe wastani: kipenyo cha chembe na kipenyo cha pete. Andersen, mtafiti wa chavua, mwaka 1979 aliliwekea kundi la shayiri wastani wa mikromita (sehemu za elfu za milimita) 32 hadi 45 kwa chembe na 8 hadi 10 kwa pete, na bado humo mna nyasi mwitu kadhaa.

Wengi huharibu kazi kwenye gliserini, kimiminika cha kuwekea chembe kwenye slaidi. Inavimbisha chembe, na slaidi iliyokaa huendelea kubadilika. Ukipima ya mwitu leo na ya shambani mwezi ujao, tofauti utakayoipata ni ya dawa, si ya mmea. Mafuta ya silikoni ni salama zaidi. Ukiyakosa, tengeneza slaidi zote pamoja na uzipime siku hiyohiyo. Pete ipime pale tundu linapokutazama. Chembe zilizokunjamana ziache.

Kagua pia masuke yenyewe. Shayiri hujichavusha, mara nyingi suke likiwa bado ndani ya ala ya jani, hivyo suke lililokomaa huwa halina chavua ya maana. Omba machanga.

Mazoezi fanya na vya hapa. Kung'uta mbelewele za mahindi asubuhi: chembe zake hufika mikromita 80 na zaidi, huwezi kuzikosa. Kisha weka ulezi na nyasi yoyote ya ufukweni, uone zinavyokuchanganya. Na kama nia yako ni kutafuta mazao ya kale kwenye tope la ziwa, mahindi utayatambua. Ulezi na mtama usithubutu kuvitaja kwa chavua peke yake.