Aliyezama anataka pumzi, achana na tumbo lake

Mkuu, simama hapo hapo. Umeeleza kwamba kikundi chenu cha waendesha boti Kigamboni kinataka kufundisha vijana wanane uokoaji, ukauliza mafunzo yachukue siku ngapi, ambu begi (mfuko wa kuminya kwa mkono wa kumpa mtu hewa) ya aina gani, kama mnunue mashine ya kushtua moyo, na cheti gani kinatambulika. Vizuri. Ila katikati umedondosha mstari mmoja kama vile si kitu: "tukimtoa mtu majini tunamlaza kifudifudi tunamkamua maji, halafu tunabonyeza kifua tu, maana siku hizi kupuliza kumefutwa." Mstari huo utaua mtu. Hayo mengine yasubiri.

Nani kafuta kupuliza? Kilichotokea ni hiki. 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kilimwambia mpita njia asiye na mafunzo: ukiona mtu mzima ameanguka ghafla mbele yako, bonyeza kifua tu. Soma tena: mtu mzima, ghafla, mbele yako. Huyo moyo wake umegoma wenyewe huku damu ikiwa bado na oksijeni, na ukibonyeza unaisukuma ifike kwenye ubongo. Aliyezama kaanzia upande wa pili. Amekosa hewa kwanza, oksijeni ikaisha, moyo ukapunguza mwendo ukitafuta cha kufanyia kazi, ndipo ukasimama. Ukimbonyeza bila kumpulizia unapampu kisima kikavu. Chama hicho hicho, kwenye mwongozo wa 2024, kinataka aliyezama aanziwe pumzi, mbili. Baraza la Ulaya la mambo haya linasema tano. Mimi nashika tano, kwa sababu mapafu yenye maji ni magumu na pumzi ya kwanza na ya pili mara nyingi haziingii inavyotakiwa. Wengi mnaowavuta mapema moyo bado unapiga, ila kwa unyonge kiasi kwamba kidole cha mwokoaji mwenye kiwewe hakiusikii. Hao wanaweza kurudi kwa pumzi tu, kabla hata hujagusa kifua. Hiyo ndiyo nafasi unayotaka kuitupa ukikamua tumbo!

Na hapa niwaseme wale wawezeshaji wa semina ya siku moja. Anakuja na slaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisini, mdoli mmoja wa mazoezi kwa watu arobaini, chai na maandazi, picha ya pamoja, vyeti. Anafundisha mshtuko wa moyo wa bosi kwenye kiyoyozi, kisha anawaambia watu wa baharini "ni vilevile." Si vilevile! Wa pili ni wale wa video za WhatsApp wanaomning'iniza mtoto kichwa chini huku umati unashangilia maji yakitoka. Mtasema najifanya mjuaji, haya, najifanya. Bora mnichukie mimi kuliko kumkamua mtu.

Tuje kwenye hayo maji. Yale yanayotoka ukimkandamiza mgongo au tumbo yanatoka tumboni, si kwenye mapafu. Mtu anayezama anameza maji mengi sana, na anayovuta kwenye mapafu kwa kawaida ni machache kuliko watu wanavyodhani. Hayahitaji kutolewa ili hewa iingie. Ukilikamua tumbo, unapandisha maji ya chumvi, wali wa mchana na tindikali ya tumbo hadi kooni, na mtu huyo hana fahamu ya kukohoa, kwa hiyo vinashuka kwenye mapafu ambayo ulikuwa unadai unayasafisha. Wakati huo ubongo haupati kitu, na ubongo bila oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Henry Heimlich, yule daktari Mmarekani wa mbinu ya mtu aliyepaliwa ya 1974, alishikilia kwa miaka kwamba itumike pia kwa waliozama. Miongozo iliikataa. Mbinu yake nzuri kwa kipande cha nyama kooni, si kwa bahari.

Sasa fanyeni hivi. Mtoeni hadi mahali pagumu, mchanga uliolowa unatosha, msimpeleke hadi kwenye gari. Ufukwe una mteremko, kwa hiyo mlazeni sambamba na ukingo wa maji, kichwa na kifua vikiwa usawa mmoja. Kichwa kikiwa chini atatapika zaidi, kikiwa juu damu inapata tabu kufika ubongoni. Mwite, mtikise mabega. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma, tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde kumi. Kukoroma au kutweta kwa nadra kama samaki kwenye mtumbwi hakuhesabiki kuwa anapumua. Mtu mmoja apige 112 au 114 ya zimamoto, simu iwekwe spika, wewe unaanza.

Bana pua, ziba mdomo wake kwa wako au tumia barakoa ya mfukoni yenye vali, puliza kwa sekunde moja hadi kifua kinyanyuke, acha kishuke, puliza tena. Tano. Kifua hakinyanyuki? Weka upya kichwa, inua taya, jaribu tena; usiongeze nguvu, nguvu inapeleka hewa tumboni. Baada ya tano, kama hajajongea, hajakohoa, hajapumua, ndipo ubonyeze: katikati ya kifua, mikono imenyooka, kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, na uachie kifua kirudi chote juu kila mara. Thelathini, kisha pumzi mbili. Mtoto bonyeza theluthi ya unene wa kifua chake. Mkiwa wawili mliofunzwa, kwake ni kumi na tano kwa mbili. Badilishaneni kila dakika mbili, maana mchovu habonyezi, anapapasa. Kama mtu alijirusha kichwa mbele kwenye kina kifupi, fungua njia ya hewa kwa kusukuma taya badala ya kukunja shingo. Kama hewa haipiti hivyo, inua kidevu. Shingo iliyonyooka ya maiti haimsaidii mtu.

Povu. Hili hakuna mtu atakayewaonyesha kwenye mdoli. Litatoka mdomoni na puani, jeupe au la waridi kidogo, linafanana na sabuni iliyopigwa, na halitaisha. Kijana asiyejua atakaa analipangusa kwa khanga dakika nzima. Msilipanguse, mpulizie kupitia humo humo. Akitapika, na wengi hutapika mnapowahudumia, mgeuze wote kwa pamoja upande mmoja, toa kwa kidole unachokiona kwa macho, mrudishe chali, endelea. Sekunde chache, si kikao.

Ambu begi, ndiyo, uliuliza. Chukua ya mtu mzima yenye mfuko wa akiba ya oksijeni na barakoa za saizi tatu, na ya watoto kama bajeti inaruhusu. Ila mtu mmoja kushika barakoa na kuminya begi kwa wakati mmoja ni kazi ya aliyezoea, uso una mchanga na mafuta, hewa inatoka pembeni kwa fiii na kifua kimelala kimya. Wawe wawili: mmoja anashika barakoa kwa mikono miwili, kidole gumba na cha shahada vikizunguka barakoa, vitatu vilivyobaki vikiivuta taya JUU kuingia kwenye barakoa. Usiisukume barakoa chini kwenye uso, hapo unafunga koo. Mwingine anaminya. Begi ina zaidi ya lita moja na mtu mzima anahitaji nusu lita hivi. Ukiiminya hadi viganja vikutane unamjaza tumbo, na tumbo likijaa, tunarudi kwenye matapishi. Kila mkiiosha na kuiunganisha upya ijaribuni: ziba kwa kiganja tundu linaloingia kwenye barakoa, minya. Ikisinyaa inavuja au vali imewekwa kinyume, na hilo hutokea sana. Iwekeni kivulini. Boti inapigwa jua na chumvi, mpira unakauka na kupasuka mkunjoni, na mtagundua siku mnayoihitaji.

Kama mna mtungi wa oksijeni, fungulieni lita kumi hadi kumi na tano kwa dakika. Kama hamna, hewa ya kawaida kwa begi ni bora mara elfu kuliko kungoja mtungi.

Mashine ya kushtua moyo ije mwisho kwenye orodha. Moyo wa aliyezama mara nyingi umesimama kabisa au unapiga bila kusukuma damu, na mashine haiwezi kuushtua. Ikiwepo, kausha kifua, bandika, fuata sauti yake, lakini isicheleweshe pumzi hata moja.

Akizinduka, mlaze ubavu, na hospitali aende hata kama anaongea na kutukana kwamba yuko sawa. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye, akiwa nyumbani amelala.

Na huyo mwezeshaji mtakayempata, kabla ya kumlipa hata nauli muulize: aliyezama anaanziwa nini? Akitaja tumbo, mgongo au kifua, muageni kwa heshima mtafute mwingine. Akisema pumzi, muulize vijana wanane watapata midoli mingapi na kila mmoja atapuliza yeye mwenyewe mara ngapi kabla ya vyeti.